Seti ya gwashi tyubu 12: nimeipima kwa kupaka jumba la opera rangi za kubuni

Hii seti nimeitumia kwa kazi moja tu mfululizo, kuchora Teatro Amazonas, lile jumba la opera la Manaus kule Brazil, ila kwa rangi ambazo halijawahi kuwa nazo. Kuta za zambarau, nguzo za machungwa, kuba la pinki, anga la kijani. Kwa hiyo hii sio rivyu ya mtu anayechora maua wala sura za watu, ni ya mtu anayependa majumba ya zamani ya maigizo na muziki afu anataka kuyaona kwa jicho lingine, na kama na we ni wa hivyo basi nisome hadi chini maana mambo yanayoamua kama seti itakufaa kwa kazi hii hayaandikwi juu ya boksi.

Kampuni sitaji. Seti za tyubu 12 za daraja la wanafunzi zinafanana mno, zinabeba karibu rangi zilezile na udhaifu uleule, kwa hiyo ninachosema hapa kitakufaa hata ukishika boksi lenye nembo nyingine kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, gwashi ni ndugu wa rangi za maji, gundi yake ni ileile gam arabiki, utomvu wa migunga ambao Sudan ndo wanaongoza kuutoa duniani, tofauti ni kwamba gwashi unga wa rangi unajazwa mwingi zaidi na kwenye seti za kawaida wanaongeza chaki au nyeupe ili ifunike. Matokeo yake inakauka bila kung'aa na inaficha kilichopo chini. Hapo kwenye kuficha ndo kwenye habari yote.

Maana ukiamua kubuni rangi lazima ubadilishe mawazo njiani. Hakuna picha ya kukwambia nguzo ya machungwa inakaaje mbele ya ukuta wa zambarau, unaweka, unarudi nyuma, unaangalia, unaona hapana hii inapiga kelele, unafunika na nyingine. Rangi za maji za kawaida hazikupi hiyo ruhusa, mwanga wako ni weupe wa karatasi na ukishaufunika umekwenda. Akriliki inafunika vizuri lakini inakauka kwenye paleti ukiwa bado unafikiria, na ikishakauka haiyeyuki tena. Gwashi unaweza kuanza na giza ukaja juu na mwanga, unaweza kuacha paleti ikauke ukarudi baadaye ukaweka tone la maji ukaendelea. Kwa mtu anayetafuta rangi ambayo haipo mahali popote bado, hiyo ni neema kubwa.

Na jengo lenyewe linaomba. Teatro Amazonas lilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1896, katikati ya msitu wa Amazon, kwa hela ya mpira, enzi zile utomvu wa mpira ulikuwa unatafutwa na dunia nzima na matajiri wa Manaus wakataka opera kama ya Ulaya. Wakaleta marumaru Italia, wakaleta taa za vioo za Murano kulekule Italia, afu juu ya jengo la pinki lenye nguzo nyeupe wakaweka kuba la vigae 36,000 vyenye rangi za bendera ya Brazil, kijani na njano na bluu. Yaani waliolijenga ndo walianza kubuni kabla yangu. Ukumbi wake sio mkubwa, viti 701 tu, lakini ukiona picha yake kutoka juu, lile kuba katikati ya mapaa ya mji na msitu nyuma, unaelewa kwa nini watu wa kule wanalipenda hivyo. Na sisahau hela ile ilitoka wapi, wagema mpira walifungwa kwenye madeni yasiyoisha na wenyeji wa msitu waliteswa vibaya, uzuri wa jengo haufuti hayo na ndo maana moja ya picha nilizopaka niliiacha kuta zote rangi ya utomvu, ile nyeupe chafu inayoelekea njano, na vivuli vyekundu vizito. Baadaye mashamba ya mpira ya Asia yakachukua soko, hela ikakauka, jumba likakaa kimya miaka mingi sana, na tamasha la opera la kila mwaka limeanza pale tangu 1997. Jengo lililopitia vyote hivyo linaweza kubeba rangi yoyote utakayolipa.

Sasa tuje kwenye seti.

Nyeupe kwanza, maana ndo tyubu utakayoimaliza kabla ya zote. Kwenye kazi ya jengo unachanganya nyeupe kila mahali, anga, ukuta unaopigwa na jua, kingo za nguzo, mapambo. Angalia nyuma ya tyubu kama imeandikwa PW6, hiyo ni namba ya pigmenti, yaani ya unga wa rangi uliomo ndani, na PW6 ni nyeupe ya titani, inafunika haswa. Ukikuta PW4 hiyo ni ya zinki, ni laini kwa kuchanganya ila haifuniki, utaweka juu ya zambarau na zambarau itakuchungulia tena ikikauka. Seti yangu ilikuja na PW6 na hapo naipa sifa zote, kingo za madirisha niliziweka mwisho kabisa juu ya ukuta wa bluu ya usiku na zilikaa kwa mkupuo mmoja. Lakini tyubu ni ya saizi ileile na nyingine kumi na moja na hilo ni kosa la watengenezaji karibu wote, nyeupe ilitakiwa iwe mara mbili au tatu ya wenzake.

Afu magenta, ile nyekundu inayoelekea zambarau. Hii naomba nikae nayo kidogo.

Seti nyingi za tyubu 12 zinakupa nyekundu mbili na unadhani umepata utajiri, kumbe zote mbili zinaelekea machungwa. Ukichukua nyekundu ya namna hiyo ukachanganya na bluu ya ultramarini hupati zambarau, unapata rangi ya damu iliyokauka, kahawia yenye huzuni. Na jumba la opera bila zambarau na waridi kali utalibuni vipi? Rangi za jukwaani ni zile zile za mapazia ya velveti na taa za usiku. Kwa hiyo kabla hujanunua tafuta tyubu yenye PR122 au PV19, hizo ndo magenta za kweli, ukiweka na sayani, ile bluu inayoelekea kijani, ambayo ni PB15:3, unapata zambarau safi inayoimba, ukiongeza magenta inaenda waridi, ukiongeza sayani inaenda bluu ya saa moja jioni. Seti niliyo nayo ina nyekundu moja ya moto na magenta moja, na kwa hilo tu imepita seti nyingi zenye tyubu 24. Wingi wa tyubu usikudanganye, tyubu nyingi kwenye boksi kubwa ni michanganyiko ambayo ungeifanya mwenyewe ndani ya dakika.

Na kama tyubu haina hizo namba za pigmenti kabisa, imeandika jina tamu tu na picha ya ua, hujui umenunua nini. Mi naiacha dukani.

Sasa kuna ile pinki inayong'aa. Wachoraji wanaijua kwa jina la opera, na ndiyo, ukiwa unachora jumba la opera mkono unakwenda wenyewe kwenye hiyo tyubu. Ni nzuri kupita kiasi. Hakuna rangi nyingine kwenye boksi inayoweza kufanya ukuta uonekane umewashwa taa kutoka ndani, na lile kuba nikilipaka pinki hiyo mbele ya anga la kijani cha giza lilikuwa linatetemeka machoni, sikutaka kuacha kuliangalia. Shida ni kwamba mng'ao wake hautoki kwenye pigmenti ya kudumu, unatoka kwenye dai inayowaka (dai ni rangi inayoyeyuka, kama ya kutilia nguo, sio unga), na dai hiyo inakufa kwa mwanga. Fanya hivi, paka mstari wa kila rangi kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani wiki kadhaa afu funua. Nilivyofunua wangu bluu zote zilikuwa salama, njano salama, magenta salama, pinki inayong'aa upande ulioona jua ilikuwa imebaki pinki ya kawaida iliyochoka. Hiyo sio siri ya kampuni moja, ni tabia ya hiyo dai popote ilipo. Kwa kazi ya kuskani na kuweka kwenye skrini haina neno, ingawa skana nayo haiikamati vizuri na printa ya kawaida haiwezi kabisa kuitoa ule moto wake. Kwa picha ya kuning'iniza ukutani iweke kwenye sehemu ndogo ambazo hata zikififia picha itasimama, au iache.

Kitu kingine kitakachokusumbua mwanzoni ni kwamba gwashi haikauki na rangi uliyoiona ikiwa mbichi. Rangi nyepesi zinakauka zikiwa nzito kidogo na rangi za giza zinakauka zikiwa nyepesi, yaani zote zinakimbilia katikati. Kwenye ukuta mpana hutaliona sana ila ukirudi kesho kurekebisha kipande kidogo cha ukuta uleule utachanganya rangi ifanane ikiwa mbichi na ikikauka itakuwa kiraka. Dawa ni kuchanganya nyingi tangu mwanzo, ya ukuta mzima na ya ziada, uiweke kwenye kikopo chenye mfuniko, na kujaribu kwenye kipande cha pembeni ukisubiri ikauke kabla ya kuiweka kwenye picha. Hii sio kasoro ya seti hii, gwashi zote ziko hivyo, ila seti hii kwa vile ina chaki kwenye baadhi ya tyubu inaruka zaidi, kijani yake hasa.

Sasa nieleze kwa nini nasema kubuni rangi kunawezekana na jengo likabaki lilelile, maana watu wengi wanaogopa hapo, wanadhani wakiweka ukuta wa zambarau watu hawatalitambua. Macho yanalitambua jengo kwa mpangilio wa mwanga na giza, sio kwa jina la rangi. Upande unaopigwa na jua uwe mwepesi, upande wa kivuli uwe mzito, chini ya matao kuwe kuzito zaidi, na kuba liwe na upande wake wa mwanga na upande wake wa giza, ukishika hayo unaweza kubadilisha rangi zote na mtu aliyewahi kuona picha ya Manaus atakwambia hii ni Teatro Amazonas kabla hujafungua mdomo. Wachoraji wanaita toni. Na hapa kuna jambo ambalo likikuingia kichwani gwashi inakuwa rahisi, kila rangi ikiwa safi ina toni yake ya kuzaliwa nayo. Njano safi ni nyepesi siku zote, huwezi kuwa na njano ya giza, ukiitia giza inageuka kijani au kahawia. Ultramarini safi ni nzito siku zote. Magenta iko chini ya katikati, machungwa juu ya katikati. Kwa hiyo badala ya kuchukua rangi moja ya ukuta ukaitia nyeupe kwa mwanga na nyeusi kwa kivuli, ambayo ndo njia inayoua picha, unachagua rangi tofauti kulingana na toni zao, mwanga unakuwa njano au pichi, katikati inakuwa waridi, kivuli kinakuwa zambarau au bluu, na ukuta unaonekana mzima, una ujazo, afu unaimba.

Hii sijaibuni mimi. Mchoraji Mfaransa André Derain alienda London akarudi na picha zake za 1906 zenye mto wa njano na anga la kijani na madaraja ya bluu, na kila mtu anajua ni London. Mwaka mmoja kabla yeye na Matisse na wenzao walionyesha kazi zao kwenye maonyesho ya Salon d'Automne ya Paris na mkosoaji Louis Vauxcelles akawaita wanyama wa mwituni kwa ajili ya hizo rangi. Na kabla yao mchoraji mwingine, Claude Monet, alikaa mbele ya kanisa kuu la Rouen mwaka 1892 na 1893 akalichora zaidi ya mara 30, jiwe lilelile, mara la bluu, mara la dhahabu, mara la waridi. Jengo moja linatosha, halichoki.

Ili uone kama toni zako ziko sawa piga picha kazi yako kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Kama mlango na nguzo na paa bado vinasomeka, endelea na rangi zako za ajabu. Kama vyote vimekuwa kijivu kimoja basi rangi zako zinatofautiana majina tu. Nilikuwa na zambarau na kijani zinazopigana vikali nikiangalia kwa macho, kwenye simu zikawa kitu kimoja na lango lote likapotea, nikaipandisha zambarau kwa nyeupe kidogo na njano chembe na lango likarudi. Kwenye seti hii hilo linawezekana kwa sababu ya ile nyeupe nzuri niliyoisema.

Nyeusi ya kwenye boksi sikuigusa. Ultramarini na kahawia ya kuungua zinakupa giza lenye uhai, na giza la chini ya matao likiwa na bluu ndani yake linapumua.

Tabaka. Hapa gwashi ina tabia yake na lazima uipende au uiache, kwa vile inayeyuka tena ukiigusa na maji, tabaka la juu likiwa na maji mengi linachokonoa la chini. Ya juu iwe nzito kama losheni, weka kwa mkupuo, toa brashi, usirudie rudie. Magenta kali na zile zenye dai zinavuja kwenye nyeupe hata ukiwa makini, utaweka nguzo nyeupe juu ya ukuta wa magenta na nguzo itageuka pinki polepole. Kwa nguzo kumi na kitu mfululizo hiyo ni hasara. Ndo maana siku hizi tabaka la kwanza kabisa, lile la kufunika karatasi yote, naliweka kwa akriliki iliyozimuliwa kwa maji, machungwa au pinki, linakauka na halitoki tena, afu gwashi inakuja juu na vipande vidogo vya machungwa naviacha vichungulie kati ya nguzo na ukuta. Hivyo vipande vinaunganisha picha nzima, anga na jengo na sakafu vinakuwa vya familia moja hata kama rangi zake zimetoka sayari tofauti.

Usiweke nene sana pia. Gam arabiki ikikauka ni ngumu isiyopinda na rangi nene inapasuka, hasa ukikunja karatasi. Nilitaka vigae vya kuba viwe na unene wa kushikika na hapo gwashi sio rafiki yako, kama unataka unene tumia akriliki. Vigae nilivifanya kwa brashi bapa ndogo, mguso mmoja kwa kila kigae, sio vyote 36,000 bila shaka, vya mbele tu vikionekana kimoja kimoja na vya kando vikiyeyuka kuwa doa la rangi, na gwashi ya seti hii ilishika umbo la brashi vizuri mno, kingo kali, hakuna michirizi. Hapo ndo niliipenda kabisa.

Brashi zinazokuja ndani ya boksi, zile mbili za nailoni, hazina maana, nywele zinabaki kwenye anga lako. Bapa moja ya sentimita moja na nusu, bapa ndogo ya madirisha na moja nyembamba ya mistari, zinatosha jengo zima. Karatasi iwe gramu 300 na iwe laini sio ile yenye mikwaruzo, maana mistari ya majengo inataka uso laini, uibandike kingo zote kwenye ubao kwa tepu ya karatasi la sivyo itajikunja ukiweka anga.

Mchoro wa penseli sitasema mengi, chora mistari yako ya kuonyesha umbali na kina kwa uangalifu, gwashi itafunika penseli. Ila kwenye jengo la kubuni rangi usibuni na mistari. Ukipindisha vyote kwa pamoja, rangi na umbo, unapoteza jengo lenyewe, na mi nataka lile lile ninalolipenda, nguzo zake zikiwa mahali pake, ngazi zake mbili za mbele zikipinda kama zinavyopinda.

Picha niliyoipenda kuliko zote ilitoka kwenye sakafu. Mbele ya jumba kuna uwanja, Largo de São Sebastião, umetandikwa mawe meusi na meupe kwa mawimbi, na watu wa Manaus wanayahusisha mawimbi hayo na mahali Rio Negro yenye maji meusi inapokutana na Solimões yenye maji ya udongo, mito miwili inayotembea bega kwa bega kilomita kadhaa bila kuchanganyika. Nikachukua rangi hizo mbili nikazipandisha kwenye jengo, nusu ya mbele nyeusi ya chai nzito yenye ultramarini ndani, nusu nyingine njano ya udongo na nyeupe, na mpaka wake ukipita katikati ya kuba. Kwa kazi hiyo njano ya udongo ya hii seti, PY42, ilinishangaza, inafunika vizuri, haibadiliki ikikauka, na ni ya kudumu kuliko karibu rangi yoyote. Rangi za udongo kwenye seti za wanafunzi huwa ndo bora kuliko zote na watu hawaziangalii kwa vile hazipigi kelele.

Kuna watu watasema kulipaka jengo la kihistoria rangi za ajabu ni kulikosea heshima, hata kwenye karatasi. Mi naangalia Palais Garnier, jumba la opera la Paris. Ilifunguliwa 1875, imejaa dhahabu na velveti nyekundu, na mwaka 1964 mchoraji Marc Chagall akiwa na miaka 77 akaweka dari mpya juu ya ukumbi, malaika na wanamuziki kwenye maeneo ya bluu, kijani, nyekundu na njano, kila rangi na watunzi wake wa muziki, Mozart kwenye bluu, Tchaikovsky kwenye njano. Watu walilalamika sana kabla haijafunguliwa. Hakulipwa kwa kazi hiyo, alikataa malipo. Na kizuri zaidi, dari ya zamani iliyochorwa na Lenepveu haikuguswa, ya Chagall imewekwa kwenye fremu inayoweza kutolewa na ile ya mwanzo bado iko nyuma yake. Hiyo ndo heshima ninayoielewa, rangi mpya kabisa bila woga na cha zamani kikiwa salama chini. Karatasi inakupa hilo bure. Ukuta wenyewe ni jambo lingine, kuta nyingi za zamani zimepigwa chokaa na zinapumua unyevu, ukizifunga na rangi ya plastiki maji yanabaki ndani na lipu inabanduka, kwa hiyo wanaotaka jumba lao la kweli lipakwe rangi za kuchangamka waanze na mtu anayejua rangi za chokaa sio na ndoo ya rangi inayopendeza.

Kwenye kuskani gwashi haina mpinzani, haina mng'ao kwa hiyo taa ya skana hairudi na alama nyeupe, ndo maana wabunifu wa mabango waliitumia miaka na miaka kabla ya kompyuta. Lakini usiiguse guse, sehemu za giza zikisuguliwa na kidole zinapata mng'ao na alama haitoki. Kama unaiweka kwenye fremu iwe nyuma ya kioo na pasipatu, yaani kadibodi iliyokatwa katikati, ya kutenganisha ili rangi isishike kioo, vanishi usipake, inabadilisha toni zote na nyeupe zako zinakuwa nusu kivuli.

Nyota naipa 4 kati ya 5. Moja niliyoipunguza ni kwa ajili ya udogo wa tyubu ya nyeupe na ile pinki isiyoandikwa popote kwamba itafifia, mteja alistahili kuambiwa. Mtoto mdogo simpi, sio kwa sababu ya sumu, nimesoma namba zote na hakuna kadimiamu humu, ila ataichokonoa tabaka na kukata tamaa, mpe akriliki. Mtu anayetaka picha ya kuweka nje au kuishika shika pia sio yake. Ila kama una jumba moja moyoni, la opera, la sinema ya zamani, la maigizo lolote lile, na umeshalichora mara nyingi kwa rangi zake za kweli ukahisi bado halijasema unachotaka liseme, chukua.

Tyubu za ziada nunua nyeupe kubwa kwanza na magenta baadaye. Ukifungua tyubu ikatoka gundi ya njano tupu kabla ya rangi usiitupe, imejitenga tu, minyaminya tyubu vizuri au ichokonoe na sindano ndefu irudi kuchanganyika. Na futa shingo ya tyubu kabla ya kufunga, gam arabiki ikikauka pale kifuniko hakitoki tena mpaka ukiloweke kwenye maji ya moto.